Nyayo Zinazowaka na Betri Chini ya Ngozi

Maumivu ya neva za miguu hupenda usiku. Mchana mtu ana shughuli zake, anakwenda sokoni, anaongea na watu, na mguu husahaulika kwa muda. Taa ikizimwa, shuka likigusa vidole tu, ni kama vimepakwa pilipili. Nyayo zinawaka, zinachomwachomwa, zinapigwa shoti. Ajabu yake ni kwamba nyayo hizohizo zinazouma zimekufa ganzi, hata kandambili inaweza kuchomoka njiani na mwenyewe asijue mpaka atazame chini. Hali hii huwapata wengi walioishi na kisukari kwa miaka, kwa sababu neva zinazofika vidoleni ndizo ndefu kuliko zote mwilini, nazo hutangulia kuumia sukari inapokaa juu kwa muda mrefu. Baadhi hupata nafuu kwa vidonge, wengine hawapati. Kwa ajili ya hao wasiopata, Julai 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha kifaa kinachopandikizwa mwilini na kupeleka umeme mdogo kwenye neva za mgongoni. Habari kama hizi hazina mipaka. Mtoto aliyeko Minnesota humpigia simu mama yake aliyeko Mombasa, na swali linalofuata ni la haki kabisa: je, tukitafute? Ninaamini kifaa hiki ni cha kweli na wapo watu kinaowafaa. Lakini asilimia inayotangazwa pamoja nacho hujibu swali dogo kuliko lile alilonalo mgonjwa, na jambo zito kuliko yote, yaani nani atakihudumia kwa miaka kumi ijayo, halimo kabisa ndani ya asilimia hiyo.

Wazo lenyewe si geni. Mtu akijikwaa kidole, mkono hukimbilia pale na kusugua, na kusugua kunasaidia kweli. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza sababu yake katika jarida la Science: ndani ya ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayopita katikati ya uti wa mgongo, kuna kitu kinachofanya kazi kama lango. Neva nene zinazobeba habari za mguso zikisisimka, lango hufungwa na habari za maumivu zinazokuja kupitia neva nyembamba hupita kwa shida. Miaka miwili baadaye daktari wa upasuaji Norman Shealy, huko Cleveland, aliigeuza nadharia hiyo kuwa kifaa kwa kuweka elektrodi mgongoni mwa mgonjwa wa saratani aliyekuwa na maumivu makali. Vifaa vya leo vina nyaya nyembamba zenye elektrodi kwenye ncha, zinazopitishwa kwa sindano mpaka katika nafasi iliyo nje kidogo ya utando wa ugwe mgongo, na betri ndogo inayozikwa chini ya ngozi ya kiuno au tako. Vifaa vya zamani vilimfanya mtu ahisi mtekenyo pale palipokuwa pakiuma, kama mguu uliolaliwa. Kile kilichoidhinishwa mwaka 2021 hupiga mara 10,000 kwa sekunde na mtu hahisi chochote. Jinsi mapigo hayo ya kasi yanavyotuliza maumivu bado ni mjadala miongoni mwa wanasayansi, kwa kuwa nadharia ya lango peke yake haitoshi kuyaeleza. Zipo pia namna nyingine: kuweka elektrodi kwenye fundo la neva kando ya uti wa mgongo, au kando ya neva ya mguu wenyewe, na aina moja ya hizo za mguuni hutolewa baada ya siku 60. Zote zinafanana katika jambo moja ambalo mgonjwa hapaswi kulipoteza machoni: zinapunguza maumivu, hazishushi sukari. Mguu uliokufa ganzi utaendelea kuhitaji kukaguliwa kila jioni, vidole na katikati ya vidole, kabla kidonda hakijamtangulia mwenyewe.

Kabla ya kuuliza kama kifaa kinafanya kazi, inabidi kujua maumivu yenyewe ni ya aina gani, na hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi. Umeme huu ni kwa maumivu yanayotokana na neva zilizoumia. Haukusudiwi kwa kisigino kinachouma hatua ya kwanza asubuhi kisha kikapoa, wala kwa kifundo chenye baridi yabisi, wala kwa misuli inayokaza mtu akitembea na kuachia akisimama, ambayo mara nyingi ni dalili ya mishipa ya damu iliyoziba na inahitaji tiba nyingine kabisa. Hata neva zikithibitika kuwa ndizo zenye tatizo, bado kuna la kuchunguza. Metformin, dawa inayomezwa na wagonjwa wengi wa kisukari, ikitumika kwa miaka inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo nao huwasha nyayo na kuzitia ganzi. Isoniazid inayotibu kifua kikuu huumiza neva pale vitamini B6 inapopungua, ndiyo maana wengi hupewa B6 pamoja nayo. Stavudine, dawa ya zamani ya kupunguza makali ya VVU ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe taratibu, iliwaachia watu wengi wa Afrika Mashariki miguu inayowaka hadi leo. Pombe nyingi hufanya hivyo pia, na ukoma haujatoweka. Baadhi ya sababu hizi zina tiba inayogharimu kidogo mno kulinganisha na betri. Mtu aliyekwisha kuwaza safari ya upasuaji ilhali hajawahi kupimwa B12 amerukishwa hatua ambayo haikupaswa kurukwa, na kosa si lake.

Sasa utafiti ambao idhini ya 2021 ilisimama juu yake. Ulifanyika Marekani kwa wagonjwa 216 wenye kisukari na maumivu ya miguu yasiyosikia dawa, ukachapishwa katika JAMA Neurology. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida, jingine likapewa matibabu hayo pamoja na kifaa cha mapigo 10,000. Baada ya miezi 3, wagonjwa 75 kati ya 95 wa kundi la kifaa walikuwa wamepungukiwa na nusu ya maumivu au zaidi bila neva zao kuharibika zaidi, ambao ni asilimia 79. Katika kundi la matibabu ya kawaida walikuwa 5 kati ya 94. Katika mizani ya 0 hadi 10, kundi la kifaa lilishuka kutoka 7.6 hadi 1.7 kufikia mwezi wa 6, wakati kundi jingine lilitoka 7.0 likafika 6.9. Hizi si tofauti za kubahatisha. Wala hazikutokea mara moja tu, kwani mwaka 1996 Solomon Tesfaye na wenzake walichapisha katika The Lancet habari za wagonjwa 10 wa kisukari waliowekewa vifaa vya zamani huko Liverpool, na wengi wao walipata nafuu. Na mwaka 2014 tafiti mbili za Ulaya zilikuta karibu wagonjwa 6 kati ya 10 wakinufaika, wakati waliobaki na dawa peke yake hawakufika hata 1 kati ya 10. Anayesema kifaa hiki ni ulaghai mtupu anakabiliwa na ushahidi ambao hawezi kuufuta kwa mkono.

Lakini iangalie tena ile namba ya kundi jingine: 7.0, kisha 6.9. Nusu mwaka mzima ndani ya utafiti, wakifuatiliwa na madaktari, na maumivu hayakusogea. Hilo si jambo la kawaida. Katika tafiti za maumivu hata wanaomeza kidonge kisicho na dawa ndani huwa wanasema wamepata nafuu kiasi, kwa sababu wametunzwa na wana matumaini. Hawa walijua wazi kwamba hawakupata kifaa na kwamba waliendelea na matibabu ya kawaida yaliyokwisha kushindwa. Mtu wa namna hiyo akiulizwa hali yake, atajibu nini? Upande wa pili walikuwepo waliotoka kufanyiwa upasuaji, wanajua wana mashine mpya mwilini, wanahudumiwa na mafundi wanaoirekebisha. Tofauti iliyopimwa kati ya makundi haya ni kazi ya umeme, na tumaini, na kuvunjika moyo, vyote vikiwa vimechanganywa. Utafiti ulilipiwa na kampuni inayotengeneza kifaa. Hilo halitoshi kuutupa, maana tafiti nyingi za dawa tunazozitegemea zililipiwa vivyo hivyo, ila linatosha kutufanya tutamani jibu la mtu asiye na maslahi.

Mtetezi wa kifaa atasema: huwezi kumdanganya mtu kwamba ana umeme mwilini, atahisi mtekenyo ukikosekana. Kwa vifaa vya zamani hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Kwa kifaa kisichohisika imekwisha kazi yake, maana aliyewashiwa na aliyezimiwa hawawezi kujitofautisha kwa kuhisi. Utafiti wa namna hiyo unawezekana, na wanasayansi wa Norway waliufanya. Mwaka 2022 walichapisha katika JAMA matokeo ya watu 50 wenye maumivu ya mguu yaliyobaki baada ya upasuaji wa mgongo, ambao wote walipandikizwa kifaa, kisha kwa vipindi vya miezi 3 kikawa kinawashwa au kinazimwa bila wao kujua. Walipata ahueni vipindi vyote. Tofauti kati ya umeme na kutokuwepo kwa umeme haikuonekana. Mpinzani wa vifaa akiusoma utafiti huu atasema mjadala umefungwa, nami nadhani anakwenda mbali mno. Wale walikuwa wagonjwa wa mgongo, si wa kisukari, na mapigo waliyopewa yalikuwa ya mtindo mwingine. Neva iliyoumizwa na sukari si sawa na iliyobanwa mgongoni. Kilichothibitika Norway ni kwamba matumaini ya mgonjwa aliyepandikizwa kifaa yana nguvu kubwa kuliko wengi walivyodhani, kwa hiyo ile asilimia 79 haiwezi kusomwa yote kama kazi ya betri.

Upo ulinganisho mwingine ninaouona muhimu zaidi kwa nchi zetu. Mwaka 2022 Tesfaye yuleyule na wenzake walichapisha katika The Lancet utafiti wa wagonjwa 130 wa Uingereza wenye maumivu haya ya kisukari. Walitumia dawa tatu tu, amitriptyline, duloxetine na pregabalin. Mgonjwa alianza na moja, ikapandishwa taratibu hadi kiwango anachokimudu, na aliyekuwa hajatulia baada ya wiki 6 aliongezewa ya pili juu ya ile ya kwanza. Kwa njia zote walizojaribu maumivu yalishuka kutoka wastani wa 6.6 hadi 3.3, yaani nusu. Ni kweli nao hawakuwa na kundi la dawa bandia, na ni kweli wagonjwa wa Marekani walikuwa tayari wameshindwa na dawa, kwa hiyo namba hizi haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja kana kwamba ni watu walewale. Ila swali linabaki: "kushindwa na dawa" maana yake nini? Mtu aliyepewa amitriptyline ya miligramu 10 usiku, akaona kinywa kinakauka, akaiacha baada ya siku nne, katika faili lake huandikwa kwamba dawa haikumsaidia. Hakuwahi kuambiwa kwamba dozi hupandishwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa, wala kwamba dawa mbili kwa pamoja huweza kufanya kile ambacho moja haikuweza. Amitriptyline ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Kabla ya kumhesabu mtu miongoni mwa walioshindikana, apewe kwanza nafasi hiyo kikamilifu.

Wapo watakaobaki na maumivu hata baada ya hayo yote, na hao ndio kifaa kilitengenezwa kwa ajili yao. Wao wanahitaji kujua nini kinatokea baadaye, maana miezi 6 ni kitu kidogo katika maisha ya mtu. Habari za miaka mingi zina sura mbili. Kati ya wagonjwa wa kisukari wa Uholanzi waliofuatiliwa kwa miaka 5, zaidi kidogo ya nusu walibaki na mafanikio. Lakini utafiti mwingine wa hukohuko Uholanzi ulihusu watu 54 wenye maumivu sugu ya mkono au mguu yanayofuata jeraha. Katika miezi 6 ya kwanza waliowekewa kifaa walikuwa mbele waziwazi, na kufikia mwaka wa 5 tofauti yao na waliofanya mazoezi ya tiba peke yake ilikuwa imepungua hadi haikuweza kuthibitishwa tena kihesabu. Hata hivyo karibu wote waliowekewa kifaa walisema wangekubali kuwekewa tena. Siwezi kulipuuza jibu lao hilo. Miaka michache ya usingizi ina thamani ambayo mchoro wa takwimu hauioni.

Hatari nazo zipo, na kwa mwenye kisukari zina uzito wake. Katika utafiti wa Marekani, ulipofika mwezi wa 24, vifaa 5 kati ya 154 vilikuwa vimetolewa kwa sababu ya maambukizi. Si vingi, lakini watu hao walichaguliwa kwa uangalifu: aliyekuwa na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu, iliyozidi asilimia 10 hakukubaliwa. Sukari ikiwa juu kuliko hapo, kidonda cha upasuaji huchelewa kupona na takwimu ile haimhusu tena mgonjwa. Nyaya huweza kuhama na nafuu ikahama nazo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima azisimamishe kwa mpango wa daktari, kwa sababu damu ikivujia mgongoni inaweza kumpoozesha. Katika moja ya zile tafiti za 2014 mgonjwa mmoja alifariki kwa kuvuja damu katika utando wa ubongo baada ya utando wa ugwe mgongo kutobolewa kwa bahati mbaya. Mwaka 2020 FDA ilieleza kwamba katika miaka minne ilipokea taarifa zaidi ya 107,000 kuhusu vifaa vya mgongo vya kutuliza maumivu, zikiwemo 497 zilizohusishwa na vifo. Taarifa kama hizo hazithibitishi kwamba kifaa ndicho kilichosababisha, lakini ndizo zilizoifanya mamlaka hiyo isisitize kwamba kifaa kijaribiwe kwanza kwa muda kwa mgonjwa kabla ya kupandikizwa.

Kinachonishughulisha zaidi kuliko hatari ya siku ya upasuaji ni siku zinazofuata. Tukiliita jambo hili upasuaji tunalipunguza. Ni makubaliano ya muda mrefu na kampuni iliyotengeneza kifaa. Kifaa cha mapigo 10,000 huchajiwa karibu kila siku kupitia ngozi kwa chaja yake maalumu, na umeme wa nyumbani ukikatika siku kadhaa, nafuu nayo hukatika. Programu yake hurekebishwa kwa kompyuta ambayo haipo katika kila hospitali, na huko Marekani kazi hiyo mara nyingi hufanywa na wafanyakazi wa kampuni. Mwenye kifaa akihitaji kipimo cha MRI, lazima ijulikane ni aina gani na kinaruhusu nini. Na kampuni zenyewe hazidumu. Nuvectra ya Texas, iliyokuwa ikitengeneza kifaa cha aina hii, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwaka 2019, wagonjwa wakiwa na betri zake miilini. Nevro, kampuni ya kile kifaa cha mapigo 10,000, ilinunuliwa na Globus Medical mwaka 2025. Kwa anayeishi karibu na kituo chake cha tiba huko Ohio, haya ni usumbufu. Kwa aliyesafiri kupandikizwa ughaibuni kisha akarudi Kigoma au Lamu, waya ukihama mwezi wa tatu hakuna jirani wa kuurekebisha, na kituo cha afya kilicho karibu huenda hakijawahi kuuona. Umbali huo ningeuweka kwenye faili pamoja na sukari na shinikizo la damu, kama sababu ya kitabibu ya kusema hapana, au ya kusema bado.

Atakuja mtu aseme kwamba maneno haya ni rahisi kwa asiyewaka nyayo, na kwamba kumtaka anayeteseka asubiri tafiti bora ni kumuongezea adhabu. Hoja hiyo ni nzito, nami sitaki kuikwepa. Maumivu ya miaka huondoa usingizi, huleta sonona, humtenga mtu na watu wake. Ndiyo maana sisemi asubiri. Nasema aanzie pale ambapo msaada uko karibu: sababu ya maumivu ichunguzwe, dawa zitumike kwa dozi na muda unaotakiwa, sukari ishushwe taratibu chini ya uangalizi, kwa kuwa kuishusha ghafla mno nako kunaweza kuamsha maumivu mapya ya neva. Taasisi ya NICE ya Uingereza, iliyokubali vifaa hivi mwaka 2008 kwa maumivu sugu ya neva, iliweka masharti yanayofanana na hayo: angalau miezi 6 ya maumivu makali licha ya matibabu ya kawaida, kisha jaribio lililofaulu. Nchi tajiri imejiwekea uzio huo, na sioni sababu ya sisi kuuruka.

Akishavuka uzio huo na huduma ikawa karibu naye, lipo lile jaribio, ambalo kwangu ndilo jambo la kiungwana kuliko yote katika tiba hii. Nyaya huingizwa kwa sindano, betri inabaki nje ikiwa imefungwa kiunoni, na mgonjwa anarudi nyumbani kwa takriban wiki moja kabla ya kukatwa kwa ajili ya betri ya kudumu. Wiki moja yenye matumaini makubwa si shahidi wa kutegemewa sana, kama Norway ilivyoonyesha, kwa hiyo mgonjwa asiulizwe tu maumivu yako ni ngapi. Wiki mbili kabla ya jaribio aandike kila siku alilala saa ngapi na kuamka mara ngapi, alitembea hadi wapi, alimeza vidonge vingapi, na kama aliweza kuvaa viatu vya kufunika vidole. Aandike yaleyale wakati wa jaribio, na aliye nyumbani naye aandike ya kwake bila kuonyeshana. Mwisho wa wiki nyaya zitolewe, na daktari asome daftari zote mbili kabla hajafungua ukurasa wa fomu ya ridhaa.